Jinsi ya Kuitwa Fundi wa Tovuti kwa Jasho la Wengine

Kwanza, achana na hamu ya kujenga kila kitu kwa mkono wako. Mwenye duka la vitenge hatauliza nani aliandika msimbo. Anataka mali yake ionekane kwenye simu na wateja wampigie. Basi chukua vya wenzako, tena kwa halali. Matt Mullenweg na Mike Little walipoanzisha WordPress, programu ya kujengea tovuti, mwaka 2003, nao walichukua programu ya b2, ambayo mwandishi wake alikuwa ameiacha, wakaiendeleza. Leseni ya WordPress, GPL, inakuruhusu nawe kuitumia, kuichokonoa na kuigeuza bila kumlipa mtu.

Pili, futa ushahidi. WordPress mpya huja na chapisho la "Hello world!" na ukurasa wa mfano. Viondoe kabla mteja hajachungulia. Kisha ingia kwenye mipangilio ya viungo vya kudumu, uchague jina la chapisho, ili anwani isomeke "/vitenge" badala ya kubeba tarehe au alama ya kuuliza na namba. Ni kazi ya dakika mbili, na mteja ataona mtu makini.

Tatu, na hapa tukae kidogo, maana ndipo mafundi wengi huumbuka. Umepata mandhari nzuri ya bure, yaani vazi la tovuti, ila rangi yake mteja haitaki. Utashawishika kufungua faili zake na kuhariri humo humo. Usithubutu! Siku mandhari itakaposasishwa, faili mpya zitafuta za zamani, na kazi yako itakwenda nazo. Tengeneza mandhari mtoto: folda moja, ndani yake faili ya style.css yenye jina la mandhari utakalotoa wewe, na mstari wa Template unaotaja folda ya mandhari mama. Mtoto hurithi muundo wote. Wewe unaandika yale tu unayotaka yatofautiane. (Mandhari nyingine zitakudai pia mistari michache ndani ya functions.php ili mitindo ya mama ipakiwe.) Watu watasema tovuti umeisuka mwenyewe, na mama atasasishwa apendavyo bila kukuharibia.

Plagini, yaani viongezo vya kuipa tovuti kazi mpya, zipo maelfu za bure. Chukua chache, zile tu zenye kazi. Ila ile ya kulipia inayogawiwa bure vichochoroni iache kabisa. Nyingi zimefichwa msimbo wa kumfungulia mwizi mlango, na asubuhi moja utakuta duka la vitenge linatangaza kamari.

Mteja naye mwache ajione mbunifu. Akitaka nembo kubwa zaidi, mpe. Akidai funguo za tovuti, mpe cheo cha Mhariri, si cha Msimamizi. Atabadilisha maneno na picha kwa raha zake, lakini mandhari na plagini hatazifikia. Yeye amefurahi, wewe umelala usingizi.

Mwisho kuna jambo moja lisilo na njia ya mkato, nami nakusihi usilitafutie: nakala ya akiba. Hifadhi hifadhidata, maana ndiko maandishi yaliko, pamoja na folda ya wp-content yenye picha, mandhari na plagini. Ziweke nje ya seva. Halafu jaribu kuirudisha tovuti nzima kutoka kwenye nakala hiyo mahali pengine, uione ikifunguka kwa macho yako. Ikifunguka, andika ankara, na bei usiipunguze.