Hema Lenye Soketi

Mtu wa Kitengela akitaka kwenda kulala kwenye hema huko pwani, kwanza huunda kundi la WhatsApp. Humo ndimo kambi huchaguliwa, na maswali ni yaleyale: Stima ipo? Maji ya bomba je? Gari litaegeshwa wapi? Anayeuliza kwa ukali kuliko wote ndiye yule ambaye nyumbani hununua maji ya lori, na stima ikipotea huwasha mshumaa bila kumlaumu mtu.

Mara Tiwi, mara Diani, mara Watamu. Mmoja anapendekeza Ziwa Magadi, maana liko hapahapa Kajiado na nauli ni nafuu. Kweli, ila humo ni magadi matupu, na jua lake halina mnazi wa kulikinga. Hatimaye inashinda kambi yenye picha nzuri: hema juu ya mchanga mweupe, hatua chache tu kutoka majini. Picha hiyo ilipigwa maji yakiwa yamekupwa. Hakuna aliyeuliza habari za bamvua, ambalo huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, tofauti ya maji kupwa na kujaa ikikaribia mita 4. Wala hakuna aliyetazama kama mnazi unaolitia hema kivuli una nazi zilizokomaa.

Ndugu msafiri, kabla hujatuma M-Pesa ya kushika nafasi, muulize mvuvi yeyote wa pale maji hufika wapi usiku. Soketi utaikuta hata Kitengela, stima ikiwepo.