Mwongozo kwa Mkalimani Mpya wa Deltani

Hongera kwa kupata kibarua cha kumtafsiria mgeni anayekwenda delta ya Rufiji. Shuleni uliambiwa Kiingereza kina maneno mengi ajabu. Usibishe, ila ukishapanda boti pale Nyamisati utabaini kwamba mengi yamebaki kwao Uingereza.

Anza na mpunga, maana huwezi kuukwepa. Bibi yuko juu ya dungu anafukuza ndege. Mgeni atauliza analinda nini. Jibu: raisi. Mbele kidogo kuna gunia la mchele. Raisi. Mchana wali umeletwa kwenye sinia, kamba wamemwagwa juu, anauliza tena. Raisi. Hapo ataanza kukutazama kwa mashaka, kama vile umekariri neno moja ukaombea kazi. Usijitetee. Endelea kumweleza kwamba huku tunapanda raisi, tunakoboa raisi, tunapika raisi, na anayechelewa anaachiwa kukwangua raisi wa chini ya sufuria. Angalizo moja tu: mambo ya kukoboa na kukwangua usiyaseme kwa sauti mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Atasikia anatajwa mkuu wa nchi.

Kwenye mikoko shida ni ileile, ila hii imeenea hekta zipatazo 53,000. Nahodha atanyoosha kidole: huu mkandaa, ule mchu, kule msinzi, hapa mkomafi, na mlilana umesimama majini. Wewe tafsiri: mangrovu, mangrovu, mangrovu, mangrovu, mangrovu. Badilisha sauti kila mara ili nahodha asidhani unamdhulumu. Wataalamu wao wenyewe wakizidiwa hukimbilia Kilatini, kwa hiyo lawama si zako.

Neno la kuogopa hasa ni monita. Huku kwetu Kibiti, monita ni yule mwanafunzi anayeandika majina ya wapiga kelele. Kwa Waingereza ni huyohuyo, lakini pia ni kioo cha kompyuta, na pia, amini usiamini, ni kenge. Kenge huyu huyu mla mayai ya kuku. Sasa mgeni anayependa historia atakwambia kwamba Julai 11, 1915 monita wawili, Severn na Mersey, waliingia deltani wakaishambulia manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliyokuwa imejificha humu, mpaka mabaharia wake wakaizamisha wenyewe. Meli hizo za mizinga nazo zinaitwa hivyo. Usipouliza ni monita yupi, wanakijiji watakwenda kulala wakijua vita ilimalizwa na kenge.

Maji ya mto yakiwa na tope hata kidole chako hukioni, Kiingereza kitayaita freshi, kwa sababu tu hayana chumvi. Usicheke sana. Sisi tunayaita maji baridi hata saa nane mchana, yakiwa vuguvugu.

Kisha yatakuja mazungumzo ya mafuriko ya Aprili 2024. Ukingo wa mto na mahali pa kuweka fedha, Kiingereza kimevipa neno moja, hivyo ukitafsiri kwa pupa utatangaza kwamba Rufiji ilivunja benki. Mzee mmoja hakosi kusimama akauliza ni benki ipi, na waliokuwa na akaunti watalipwa lini. Mwambie suala hilo linashughulikiwa.