Bafu la Juu, Dari ya Chini

Katika majumba ya ghorofa ya Dar es Salaam, hasa yale ya Upanga na Kariakoo ambako familia moja huoga juu ya sebule ya familia nyingine, ni migogoro michache ya ujirani inayochelewa kusuluhishwa kama ule wa bafu linalovuja, na sababu yake kubwa si ukaidi wa watu bali ni tabia ya maji yenyewe, ambayo hayana desturi ya kudondoka pale yanapovujia. Mvujo, kwa maana inayotumika hapa, ni maji yoyote yanayotoka nje ya njia yaliyowekewa, na chanzo chake ni tundu, ufa au kiungio ambapo maji hayo huanza safari. Kati ya chanzo na tone kuna zege, na ndani ya zege kuna nondo pamoja na mabomba membamba ya kupitishia nyaya za umeme, ambayo maji huyafuata bila haraka mpaka yapate upenyo wa kutokea, na upenyo huo mara nyingi huwa ni shimo la taa ya sebuleni. Ndiyo maana anayegundua kwamba bafu linavuja si yule anayeoga, bali ni mtu wa ghorofa ya chini aliyekuwa ameketi akitazama taarifa ya habari ya saa mbili usiku.

Mtu huyo hupanda ngazi, hupiga hodi, na kwa kuwa adabu haiondoki hata dari inapolowa, huanza kwa salamu: "Shikamoo mama. Samahani, huku kwetu mvua inanyesha ndani." Jibu analopewa, yaani "Marahaba mwanangu, mbona kwetu pakavu?", huchukuliwa kuwa ni ubishi, ilhali linastahili kuzingatiwa kwa makini, kwa sababu huenda ni ukweli mtupu: bafu linalovuja lina njia mbili za kutolea maji, na sakafu yake haina sababu ya kubaki na madimbwi.

Baada ya hapo familia ya juu huunda kamati bila kuitangaza, na mshtakiwa wa kwanza huwa ni bomba la mvua, kwa kosa la kuonekana likidondosha matone dakika kadhaa baada ya kufungwa. Shtaka hili ni dhaifu. Maji yaliyobaki ndani ya kichwa cha bomba hushikiliwa kwenye vitundu vyake na mvutano wa uso wa maji, yaani ile nguvu inayoyafanya maji yajikusanye yenyewe, na hewa inapopenya kwenye kitundu kimoja, yaliyobaki hutoka kupitia vitundu vingine. Jambo hilo halina uhusiano wowote na dari ya jirani, kwani matone hayo huangukia sakafuni na kwenda zake kwenye tundu la maji machafu kama yalivyoagizwa. Hata hivyo, koki hukazwa kwa nguvu zote, kisha kwa koleo, mpaka kipira cha ndani kinakatika na nyumba inapata mvujo wa pili, ambao angalau chanzo chake kinajulikana.

Hapo ndipo huitwa fundi bomba, ambaye kwa siku nzima huwa "nipo njiani". Akifika hutazama juu, hutazama chini, husonya, kisha huuliza swali ambalo halijawahi kukosekana katika taaluma hiyo: "Nani aliwafungia hili?" Mfuko wake una msumeno, bomba la kuungia na ile tepu nyeupe inayozungushwa kwenye nyuzi za bomba ili kuziba mwanya, ambayo imetengenezwa kwa plastiki iliyogunduliwa kwa bahati na mkemia wa Marekani, Roy Plunkett, mwaka 1938. Tepu hiyo ni kitu cha maana, alimradi izungushwe kwa kufuata upande ambao bomba hukaziwa, kwani ikizungushwa kinyume hujisokota na kutoka. Lakini haina msaada kwa bomba lisilovuja, na ndilo ambalo mara nyingi huzungushiwa. Mvujo ukiendelea, fundi hupendekeza kubomoa ukuta. Pendekezo hili hukubaliwa upesi kuliko inavyostahili, kwa sababu kelele za nyundo humpa jirani wa chini faraja kwamba kuna linalofanyika, na ni baada ya marumaru kuvunjwa ndipo inapobainika kwamba za rangi ile hazipo tena dukani tangu miaka mingi iliyopita.

Utaratibu unaofaa ni wa kinyume, nao hauhitaji kifaa kingine zaidi ya ndoo, kopo na usiku mmoja wa subira, ingawa hicho cha mwisho ndicho adimu. Swali la kwanza ni kama tone la chini hudondoka saa zote au hufuata ratiba ya kuoga. Likidondoka saa zote, hata alfajiri ambapo watu wote wamelala, tuhuma huangukia bomba linaloleta maji kutoka kwenye tanki la paani, kwa kuwa bomba hilo lina mgandamizo muda wote. Koki yake ikifungwa na tone likakoma baada ya saa chache, kesi imekaribia kwisha. Mvujo wa namna hii haufai kudharauliwa, kwani tone moja kwa kila sekunde ni matone 86,400 kwa siku, na kwa kuwa matone 20 hivi hujaza mililita moja, hasara ni zaidi ya lita 4 kila siku, au zaidi ya simtanki moja la lita 1,000 kwa mwaka.

Tone likifuata ratiba ya kuoga, bomba la kuleta maji huachwa kwa muda na uchunguzi huhamia kwenye njia ya kutoa. Maji ya ndoo humiminwa moja kwa moja kwenye tundu la maji machafu bila kulowesha sakafu. Jirani akiona tone, kosa liko kwenye bomba la chini au kwenye trapu, yaani ule mkunjo unaobaki na maji ili kuzuia harufu. Asipoona, tundu huzibwa kwa kitambaa na sakafu hujazwa maji kidogo. Na hapo pia kukiwa kimya, hurushiwa maji kuta, moja baada ya nyingine, kwa kopo. Kati ya hatua na hatua hupaswa kupita saa kadhaa ambazo hakuna anayeoga, na hapa ndipo utafiti mwingi huharibika, kwani daima kuna binamu aliyefika usiku kutoka Morogoro, mwenye vumbi la safari na asiye na habari za utafiti.

Wapo wanaoharakisha kwa kutia rangi, na njia hiyo ina historia ya heshima. Mwaka 1877, karibu na Immendingen huko Ujerumani, ambako Mto Danube humezwa na ardhi, zilimwagwa kilo 10 za rangi, na baada ya takriban saa 60 maji ya kijani yakatokea kwenye chemchemi ya Aach, umbali wa kilomita 12 hivi. Chanzo kilijulikana bila shaka yoyote, lakini mgogoro wa wenye maji wa juu na wa chini ulikuwa bado mahakamani mwaka 1927, jambo ambalo wakazi wa ghorofani wanapaswa kulijua kabla ya kudhani kwamba ushahidi humaliza ugomvi. Kwa hapa nyumbani rangi iliyo karibu ni ile nyekundu ya ubuyu, ambayo hufanya kazi vizuri mno, ila ni vyema jirani aarifiwe mapema, maana tone jekundu kutoka darini huzua maswali ambayo hayamhusu fundi bomba.

Mara nyingi mkosaji huwa ni yule ambaye hakutajwa na mtu: mstari wa grauti, yaani saruji laini inayojaza nafasi kati ya marumaru, uliopasuka kwenye kona ambapo ukuta hukutana na sakafu, mahali ambapo jengo hutikisika kidogo na saruji haijui kunyumbuka. Dawa yake ni kuikwangua, kuacha kona ikauke kabisa, na kupaka silikoni, ambayo huhitaji takriban saa 24 kabla ya kuguswa na maji. Katika nyumba yenye bafu moja na watu saba, saa hizo 24 hazipo. Msomaji aliye katika hali hiyo na apake siku ambayo familia inaondoka kwenda kijijini, afunge mlango, achukue ufunguo, na aondoke nao.