Choroko ya Shilingi 185,000

Jumatano jioni mke wangu alikaa barazani kuchambua choroko kwenye ungo, na kitinda mimba wetu mwenye miaka minne akajisogeza kumsaidia. Msaada wenyewe tuliugundua usiku. Mtoto anapumua kwa tundu moja la pua, la pili kimya. Kuulizwa, akajibu bila wasiwasi: "Nimemlaza mtoto wangu humu."

Mama mkwe, aliyekuja kututembelea kutoka Muheza, akasema twende zahanati ya serikali. Sera inasema mtoto wa chini ya miaka mitano hatozwi. Mimi nikajitia mjuaji. Nikasema hapa Dar ukitaka haraka unaenda hospitali binafsi. Tukapanda bajaji, watatu na choroko.

Hospitali yenyewe siitaji. Ina milango ya vioo, kiyoyozi na katuni kwenye televisheni. Ina pia dirisha la malipo, nalo ndilo moyo wa jengo zima, maana unalipa kwanza, kuonwa baadaye. 5,000 za kufungua faili, 20,000 za kumuona daktari. Daktari kijana akamulika pua, akasema anaiona ila iko juu, na akiichokonoa itazama zaidi. Tumngoje bingwa wa masikio, pua na koo, kesho saa nne. Sina ugomvi naye. Alituuliza mara mbili kama tuna hakika ni choroko, si betri ndogo ya saa, kwa sababu betri ile huunguza nyama za pua ndani ya saa chache na haingoji kesho. Swali hilo peke yake lilistahili ile elfu 20.

Alhamisi nikalipa taslimu 40,000 za bingwa. Saa nne ikapita, saa sita, saa nane. Nesi akatoka: "Daktari amepata dharura chumba cha upasuaji. Mje kesho, risiti mtunze."

Tukaitunza. Tatizo ni kwamba risiti za mashine ya EFD hazina wino. Karatasi huandikwa kwa joto, na joto hilohilo huzifuta. Mkoba wa mke wangu ulishinda dirishani juani. Ijumaa asubuhi akamkabidhi keshia karatasi nyeupe kama sanda. Keshia akasema weupe si neno, jina la mtoto analiona kwenye kompyuta, ila malipo ya jana "yameshafungwa kwenye mfumo". Tulipe upya. 40,000 nyingine, na juu yake 80,000 za kutoa kitu puani, kwani bingwa hashiki koleo bila risiti. Nilikuwa kazini, nikarusha pesa kwa simu.

Kwenye benchi alikuwepo bibi mmoja na mjukuu wake. Akamtazama mke wangu: "Mwanangu, hujampulizia?" Kumbe madaktari nao wanaijua mbinu hiyo, wanaiita busu la mama, daktari mmoja wa New Jersey, Marekani, aliieleza tangu 1965. Unaziba tundu lililo wazi, unaweka mdomo juu ya mdomo wa mtoto kama unambusu, unapuliza mara moja, kwa nguvu na kwa ufupi. Mke wangu akapuliza. Choroko ikaruka hadi kwenye kandambili za jirani, imevimba, imeota kimkia cheupe. Mtoto akaangua kilio, "Mtoto wangu!", asinyamaze mpaka ilipolazwa ndani ya kiberiti.

Bingwa alipofika akamulika nusu dakika, akasema pua safi, nendeni nyumbani. Za kuonwa Ijumaa tumemwachia, ni jasho lake.

Jumatatu nikaomba ruhusa kazini, tukarudi dirishani. Keshia: mfumo haurudishi pesa. Tukapelekwa kwa mhasibu, kijana mwenye tai, mpole kupita kiasi. Akafungua faili. "Mzee wangu, mtoto ameingia na choroko, ametoka bila choroko. Huduma imefanyika."

Kusema kweli nilikosa jibu. Mke wangu akafungua kiberiti, akakisogeza juu ya meza, akakituliza katikati ya faili. Kimkia kilikuwa kimenyauka. "Kaka yangu, hii hapa. Muite daktari aseme aliitoa kwa koleo gani."

Bingwa akaitwa. Muungwana, nampa sifa zake. "Mimi sikugusa," akasema, akarudi kwa wagonjwa wake. Dakika arobaini baadaye 80,000 zilihesabiwa mezani, noti za elfu kumi nane.

Za Alhamisi ndizo zilizokwama. Hakuna anayekataa kwamba zimelipwa. Tuliambiwa tuandike barua kwa uongozi, tukaandika. Majibu yalikuja wiki ya tatu: 40,000 zetu zipo salama na tutazitumia mtoto atakapougua tena. Mama mkwe alisomewa barua hiyo kwa simu. "Kwa hiyo nyie mnaombewa muugue ndiyo mlipwe?"

Siku hizi kila risiti naipiga picha kabla sijaondoka dirishani, na choroko huchambuliwa mtoto akiwa amelala. Barua ya pili nimeipeleka mwenyewe, ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Sidai riba wala nauli za bajaji. Nadai 40,000 za daktari ambaye Alhamisi ile hatukumuona.