Mbuzi Imevunjika Mguu

Mtaani kwetu Mombasa tuna kundi la WhatsApp ambalo kazi yake kubwa ni kulalamikia barabara. Mvua za masika zilipoikata njia, wakazi walimwandikia mheshimiwa mmoja ujumbe mrefu, na picha za mashimo, mengine yakiwa tayari na vyura. Mheshimiwa akajibu neno moja: "Barabara."

Kundi likagawanyika. Wenye imani walisoma "sawasawa, nimewasikia". Sisi wengine tulisoma "barabara gani tena?" Angelisema kwa mdomo, ubishi usingelikuwapo: mkazo ukikaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, hiyo ni njia ya magari, ukisogea nyuma hadi ya tatu, ni sawasawa. Watoto hutahiniwa jambo hili shuleni, pamoja na neno walakini, ambalo kwa mkazo mmoja ni "lakini" na kwa mwingine ni kasoro. Mheshimiwa hajafafanua mpaka leo. Vyura wameshazaana.

Tahajia yetu ni nyepesi kusoma, ila ni bahili. Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ilisanifisha Kiswahili kwa msingi wa Kiunguja, na katika maandishi sanifu pumzi haikupewa herufi yake. Wazee wa pwani bado wanayo. Weka kiganja mbele ya mdomo wa bibi yangu akisema paa la nyumba: huhisi kitu. Mngoje ataje paa wa mwituni, utapata upepo wa bure. Ndivyo ilivyo kwa kaa la moto na kaa wa baharini, na kwa tembo la mnazi na tembo mwenye mkonga. Kwake hayo ni maneno mbalimbali kabisa. Sisi tuliosoma ndio tunaoyavisha sare. Na huyo mwenye mkonga kwetu zaidi ni ndovu, ndiyo maana yale mapembe yanayovuka Moi Avenue tunayaita Pembe za Ndovu. Sema pembe za tembo, na kuna mzee atakayeuliza zimejaa au zimebaki nusu.

Pumzi ikikosekana, ngeli hutuokoa. Tembo limekwisha, huo ni msiba wa walevi. Tembo wamekwisha, huo ni msiba wa Tsavo. Mbuzi amevunjika mguu, mwite daktari wa mifugo. Mbuzi imevunjika mguu, mwite seremala, kwa kuwa hicho ni kile kibao cha kukunja chenye chuma cha meno mbele, unachokikalia ukakuna nazi. Utaratibu mzuri huo, almradi wote wawili wanaoandikiana wanaufuata.

Dada yangu ameolewa na mtu wa Nakuru. Shemeji ni mkarimu, hana makuu, ila kwake kila chenye miguu minne kimo katika ngeli moja na meza: ng'ombe imezaa, mbwa inabweka, mbuzi imepotea. Sasa siku moja mama, jikoni, akamwandikia:

"Mwanangu, mbuzi imevunjika mguu na wageni wako njiani."

"Pole sana Mama. Ichinjwe haraka kabla haijakufa, wageni wapate nyama."

Mama aliisoma mara mbili. Mkwe kumfanyia utani mama mkwe si ada ya kwetu, kwa hiyo akaamua kwamba hicho ni Kiswahili cha bara na kina maana yake. Akajibu kwa adabu:

"Haya, mwanangu. Lakini sasa nitakunia nini?"

"Kumbe pia inajikuna? Hiyo ni upele, Mama, usiishike. Natuma pesa ya daktari."

M-Pesa ikalia: shilingi elfu moja. Neno "daktari" mama hakulijali. Pesa ya mkwe huipokei kwa maswali. Alishuka soko la Marikiti, akazijaribu mbuzi kadhaa kwa kuzikalia palepale mbele ya muuzaji, akipapasa meno kwa kidole gumba, akaichukua isiyoyumba. Wageni wakala wali wa nazi. Jioni akashukuru:

"Mungu akuzidishie. Nimepata mbuzi mpya, nzuri kweli, na chenji imebaki."

Nakuru kukawa kimya. Dada ananiambia mumewe alikaa na kalamu, akapiga hesabu, akampigia simu rafiki yake mwenye bucha. Asubuhi, mama hata chai hajanywa, ujumbe ukaingia:

"Mama, kwa bei hiyo nishikie kumi. Nakuja na pikapu kabla ya Krismasi."

Mama akavaa miwani, akaandika taratibu, herufi moja moja:

"Kumi za nini, mwanangu, na mke wako aniambia nyumbani kwenu mwala nazi ya pakiti?"