Barua ya Wazi kwa Tume ya Uchaguzi: Sisi Vijana wa Bunju Msituhamasishe Tena

Mwenyekiti,
Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi,
Dodoma.

YAH: OMBI LA KUSITISHA UHAMASISHAJI WA VIJANA KUPIGA KURA

Tafadhali husika na somo tajwa hapo juu.

Mheshimiwa Mwenyekiti, sisi ni vijana wa Bunju, Jimbo la Kawe, mwisho wa daladala na mwanzo wa vumbi. Tunakuandikia kwanza kukupongeza, halafu tuombe jambo moja dogo.

Pongezi zenyewe ni za hesabu. Mwaka 2010 waliopiga kura nchini hawakufika hata nusu ya walioandikishwa. Mwaka 2015 walifika asilimia 67, na 2020 wakaporomoka hadi kwenye 50 na kitu. Kisha Oktoba 2025 Tume ikatangaza asilimia 87, yaani watu zaidi ya milioni 32 kati ya milioni 37 na ushee walio kwenye Daftari la Kudumu. Wenzenu Ulaya wanahangaika miaka nenda rudi kuwatoa vijana kitandani siku ya kura. Nyinyi mmelimaliza tatizo kwa msimu mmoja. Sasa kama kazi imekwisha, magari ya matangazo yanatufuata ya nini? Wasanii wapumzike, na ile kaulimbiu ya "Kura yako haki yako, jitokeze kupiga kura" iazimwe kwa mataifa yenye shida.

Kuna wanaosema vijana hatupendi siasa. Mwaka 2015 kadi ya mpiga kura tuliiita kichinjio, na mtu aliilinda kuliko simu. Jimbo letu lilikuwa limemchagua Halima Mdee wa CHADEMA mwaka 2010, na 2015 likamrudisha. Kitaifa Magufuli alishinda kwa asilimia 58, Lowassa akapata karibu 40, na kijiweni watu walinuniana wiki nzima kwa sababu kulikuwa na cha kununiana. Hakuna aliyetuimbia wimbo ndipo twende kituoni. Kadi ile ile baadaye ilitusajilia laini za simu kabla namba za NIDA hazijashika hatamu, ikatudhamini kwenye mikopo, ikatufaa kila mahali. Mahali ilipopungukiwa na kazi ni kituoni tu.

Hapa Bunju ndipo ulipo uwanja wa mazoezi wa Simba, kwa hiyo mpira tunaujua kidogo. Timu ikifungiwa kabla ya filimbi kwa kutosaini fomu, shabiki wake hahitaji kuhamasishwa aje uwanjani. Anahitaji timu. Aprili 2025 CHADEMA iliambiwa kwamba kwa kuwa haikusaini kanuni za maadili ya uchaguzi, haitashiriki uchaguzi wowote kwa miaka mitano, huku mwenyekiti wake, Tundu Lissu, akiwa mahabusu kwa kesi ya uhaini. Luhaga Mpina, mgombea urais wa ACT-Wazalendo, naye jina likaenguliwa. Karatasi ya urais ikabaki na wagombea 17, wengine tukikutana nao kwa mara ya kwanza ndani ya kituturi.

Wazee wetu wanaukumbuka uchaguzi wa 1965, wa chama kimoja. Majimboni wagombea ubunge wa TANU walisimama wawili wawili, mmoja alama yake jembe, mwingine nyumba, na hata Waziri wa Fedha, Paul Bomani, aliangushwa. Mwalimu Nyerere, akiwa peke yake kwenye karatasi ya ndiyo au hapana, alipata takriban asilimia 96. Mwaka 2025, wakiwa 17, mshindi akapata asilimia 97.66. Yaani ushindani wa vyama vingi umetuletea umoja ambao hata chama kimoja cha 1965 kiliukosa! Hongereni tena.

Mwenye mashaka na hesabu hizo tumemwambia atulie, maana hana pa kuzipeleka. Ibara ya 41(7) ya Katiba inasema Tume ikishamtangaza Rais, hakuna mahakama itakayochunguza kuchaguliwa kwake. Mwaka 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua kwamba ibara hiyo inakiuka haki. Mahakama yenyewe iko Arusha, si mbali, lakini sauti yake inachelewa kufika Dodoma. Majirani zetu Kenya walifuta uchaguzi wa Rais mahakamani Septemba 2017, na nchi yao bado ipo.

Kuhusu tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya kura, sina kejeli. Vijana wengi walijitokeza siku ile, ila barabarani. Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje kuanzia saa kumi na mbili jioni, intaneti ikazimwa kwa siku kadhaa, na watu walikufa. Rais aliunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, na hayo tunayaacha huko. Kwako nasema hili tu, Mheshimiwa: kijana anayethubutu kusimama mbele ya bunduki hana uvivu wa kutembea hadi shule ya msingi ya jirani kupiga kura.

Basi ombi letu ni kwamba bajeti ya nyimbo na fulana itumike kuweka hadharani fomu za matokeo za kila kituo, vya Bunju vikiwemo, kila mtu ajumlishe mwenyewe. Na mkikutana na wabunge, mtusemee kuhusu hiyo 41(7). Mkitupa karatasi yenye mtu wa kuchagua na mahakama ya kukimbilia, mwaka 2030 tutakuja wenyewe kwa bodaboda zetu, na mafuta tutajaza sisi.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwenye kichinjio, Bunju.

Nakala: Jeshi la Polisi, kwa taarifa tu. Hii ni barua, si maandamano.