Tapeli Anajibu Haraka Kuliko Benki

Mtaani kwetu kuna mzee mmoja, meneja mstaafu, ukimtajia Instagram anasonya kwanza ndipo anajibu.

"Kampuni kubwa ina jengo, ina geti, ina mlinzi," huniambia. "Mwenye shida aende. Ya nini kubishana na watoto mitandaoni? Sisi enzi zetu tulikuwa na sanduku la maoni."

Nalikumbuka hilo sanduku. Lilitundikwa ukutani karibu na choo, kufuli limeshika kutu, na ufunguo anao mtu aliyekwenda likizo. Ukitumbukiza karatasi yako unaisikia ikiangukia karatasi za wenzako waliokutangulia kulalamika. Lakini nalitetea kwa jambo moja: hakuna tapeli aliyewahi kuja na sanduku lake, akalitundika kando ya lile la benki na kuanza kupokea shida za watu. Siku hizi wanatundika, tena mchana kweupe.

Jumamosi moja mashine ya benki yangu (siitaji jina, bado wanayo hela yangu) ilinikata laki mbili kwenye akaunti, ikaunguruma, ikatema risiti. Noti haikutema. Nikapiga simu: kwa Kiswahili bonyeza moja, halafu muziki, halafu sauti ya dada inaniambia wahudumu wote wanawahudumia wateja wengine. Saa mbili usiku, wateja gani hao? Nikaingia kwenye ukurasa wao wa Instagram. Picha ya mwisho ilikuwa ya Wiki ya Huduma kwa Wateja, ile ya Oktoba: wakurugenzi wamevaa fulana mpya, wanalishana keki. Nikaandika shida yangu chini ya keki.

Sijaweka simu chini, nimeshajibiwa. Tena na watatu! Wa kwanza ana nembo ya benki na jina "Huduma kwa Wateja Masaa 24". Akanipa pole kwa usumbufu, akaniuliza tawi langu, akanitakia jioni njema mimi na familia yangu. Miaka yote niliyokaa na benki ile, hakuna aliyewahi kuiulizia familia yangu. Kisha akaomba namba ya siri ili "aurudishe muamala". Hapo nikamtakia usiku mwema.

Benki yenyewe ilijibu Jumanne: "Asante kwa maoni yako. Endelea kufurahia huduma zetu." Na alama ya ua jekundu mwishoni. Ua la nini sasa, nimefiwa?

Nikaipeleka kesi kwa mzee.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Si nilikwambia hiyo mitandao ni ya wahuni?"

Ndipo ubishi ulipoanza. Nikamwambia wahuni wamejaa humo kwa sababu wenyewe hawaonekani. Kiti cha kampuni kubwa hakikai wazi; usipokikalia wewe, kuna mtu pembeni anakipangusa vumbi. Mwaka 2008, Twitter ikiwa bado changa, alitokea mtu anayejiita Janet akawa anajibu maswali kwa niaba ya ExxonMobil, kampuni ya mafuta ya Marekani. Watu wakadhani matajiri wa mafuta wameamua hatimaye kuongea na wananchi. Ikabidi kampuni ijitokeze kusema huyo Janet si msemaji wake. Kampuni tajiri namna ile, inamkana mtu aliyejitolea kuifanyia kazi bure!

Mzee hakutikisika. "Na wenye akaunti rasmi je, hawachezewi?"

Wanachezewa, mzee wangu. Novemba 2022 Twitter ilianza kuuza alama ya bluu ya uthibitisho kwa dola 8 kwa mwezi. Mtu akalipia, akajivika jina la kampuni ya dawa ya Eli Lilly na kutangaza kwamba insulini sasa ni bure. Huko Marekani bei ya insulini ilikuwa ikiwatoa watu machozi, kwa hiyo habari ilikimbia yenyewe. Kesho yake hisa za kampuni zikashuka kwa zaidi ya asilimia 4. Akaunti rasmi walikuwa nayo, lakini ilijiita LillyPad. Feki ndiye aliyebeba jina kamili la ukoo! Hata hivyo, ilipobidi kukanusha na kuomba radhi, walikuwa na pa kusimama. Wangekuwa na sanduku la maoni tu, foleni ya insulini ya bure ingekuwepo hadi leo.

Kwa hiyo, waheshimiwa wakurugenzi, maua sihitaji. Jina la akaunti yenu ya kweli libandikwe kwenye kila mashine ya kutolea hela na kwenye mlango wa kila tawi. Matapeli wanaojibu wateja chini ya picha zenu wafutwe kabla hawajamaliza kusalimia. Na Jumamosi usiku awepo mtu mwenye uwezo wa kufungua faili langu, si mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo aliyekabidhiwa ukurasa kwa kuwa yeye ni kijana na anajua simu. Wale wa meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" tunawaripoti wenyewe kwenye namba 15040. Wa chini ya keki yenu ni wenu.

"Gharama, kijana," mzee akasema. "Kuajiri watu wa kukesha na simu ni gharama."

Wakati huohuo simu yangu ikalia. Ni yule wa Masaa 24: "Ndugu mteja, bado tunasubiri ushirikiano wako. Familia haijambo?" Nikampa mzee asome. Akavaa miwani, akasoma, akarudia tena taratibu huku akitikisa kichwa kwa kuridhika.

"Huyu kijana ana adabu," akasema. "Yuko tawi gani?"